Kigoda cha Msimulizi: Riwaya ya Kusikilizwa na Sikio la Ufipa

Uhakiki wa riwaya ya Kiswahili umezoea kumzungumzia mtu mmoja tu aliye upande wa pili wa kitabu, naye ni msomaji. Huyo ndiye anayeulizwa ameelewa nini, ameguswa wapi na amechoshwa na sura ipi. Lakini tangu simu ya mkononi ilipogeuka kuwa redio na maktaba kwa wakati mmoja, amezuka mtu mwengine ambaye uhakiki bado haujampa nafasi yake, naye ni msikilizaji. Huyu hashiki kitabu mkononi wala haoni nukta na mkato. Anachokipokea ni kazi ya watu wawili, mwandishi aliyeitunga riwaya na msimulizi aliyeitia sauti, na mara nyingi hawezi kumtenga mmoja na mwenziwe. Akisema kitabu kimemchosha, yamkini kilichomchosha ni pumzi ya msimulizi. Akisema kimemtoa machozi, huenda machozi hayo yameletwa na kinanda kilichopigwa nyuma ya maneno.

Makala haya yanaitazama kazi hiyo ya sauti kutoka mahali mahususi, nako ni Sumbawanga na uwanda wa juu wa Ufipa, mkoani Rukwa. Mahali hapo pamechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, pana simulizi ya kale inayosaidia kuamua haki ya msimulizi ni ipi na mpaka wake uko wapi. Pili, wakaazi wake wana sababu ya wazi ya kuumizwa na sauti inayouvuka mpaka huo.

Uwanda wa Ufipa umekaa baina ya Ziwa Tanganyika kwa magharibi na bonde la Ziwa Rukwa kwa mashariki. Sehemu yake kubwa ni nyasi na upepo, na mji wa Sumbawanga, ulio zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, una baridi inayowashangaza wageni wa pwani, khasa miezi ya Juni na Julai. Watu hulima mahindi, maharage, ulezi na alizeti, na Wafipa wamejulikana tangu zamani kwa kilimo cha matuta ambamo nyasi hufukiwa zioze na kuirutubisha ardhi. Kazi za namna hii hushughulisha mikono na kuyaacha masikio huru. Hali kadhalika ndiyo ya mshonaji aliye kwenye cherehani yake, ya mlinzi wa usiku, na ya abiria wa basi la Tunduma kwenda Sumbawanga, safari ya zaidi ya kilomita 200. Watu hawa ndio msikilizaji anayekusudiwa hapa. Si kwamba hawajui kusoma. Wengi wao wanajua sana. Ila saa zao za kusoma ni chache, na saa zao za kusikiliza ni nyingi.

Namna simulizi zinavyowafikia nayo ina athari zake. Mwenye bando hupakua, kisha humrushia mwenziwe kwa simu, na yule humpa wa tatu kwenye memori kadi. Simulizi husafiri hivyo kutoka mkono hadi mkono bila jalada. Jina la mwandishi hudondoka njiani, jina la msimulizi halijulikani, na pengine sehemu ya nne humfikia mtu kabla ya sehemu ya kwanza. Ndiyo maana msikilizaji huyu ana maoni makali kuhusu sauti, lakini hana pa kuyapeleka. Anajua sauti ipi inamfaa na ipi inamkera, ila hana jina la kulisifu wala la kulilaumu.

Kabla ya kuyapima maoni hayo, inafaa istilahi ziwekwe sawa. Kiswahili kina maneno ya kutosha kwa jambo hili, na kuyachanganya ndio chanzo cha nusu ya ugomvi. Kusoma kwa sauti ni kuyafuata maandishi kama yalivyo. Kusimulia, kwa maana yake ya asili, ni kukieleza kisa kwa maneno ya mtu mwenyewe. Kuigiza ni kuvaa nafsi ya mhusika na kusema kama yeye. Kitabu cha sauti hudai kidogo katika kila moja ya kazi hizi, na ubora wake hutegemea uwiano. Tatizo la ziada ni kwamba neno "msimulizi" limebeba watu wawili. Wahakiki hulitumia kwa ile nafsi inayosimulia ndani ya riwaya, ambayo ni kiumbe cha mwandishi, ilhali wasikilizaji hulitumia kwa binadamu aliyekaa mbele ya maikrofoni. Kutoka hapa na kuendelea neno hilo litatumika kwa maana hii ya pili.

Msikilizaji wa Ufipa aliyevuka umri wa miaka arubaini hakulelewa na vitabu vya sauti. Sikio lake limelelewa na mchezo wa redio. Mwaka 1993 Redio Tanzania Dar es Salaam ilianza kurusha "Twende na Wakati", mchezo wa mfululizo uliokusudiwa kufundisha uzazi wa mpango na kinga ya Ukimwi. Kina Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake kila kituo, na mkewe Tunu, walikuwa kama majirani wa wasikilizaji wao. Katika mchezo ule kila mhusika alikuwa na mwigizaji wake, mlango ulisikika ukifunguliwa na gari likasikika likinguruma. Urithi huo ni mzuri, lakini umeacha kasoro moja. Umewafanya wasimulizi wengi wa leo waidhanie riwaya kuwa ni mchezo wa redio uliokosa waigizaji, na kwa hiyo mtu mmoja hujitwika sauti za watu ishirini. Riwaya si hivyo. Kilicho muhimu ndani yake aghalabu hakisemwi na mhusika yeyote. Kiko katika sentensi za katikati, zile zinazoeleza mtu alivyotazama, alivyonyamaza au alivyokosea kuelewa. Msimulizi anayeharakisha sentensi hizo ili ayafikie mazungumzo, kwa kuwa ndiko anakoweza kung'ara, ameitupa riwaya na kubakisha maganda.

Sasa ije ile simulizi ya kale. Mwanaanthropolojia Roy Willis, aliyefanya utafiti Ufipa katika miaka ya 1960, ameieleza katika maandishi yake. Ina sura zaidi ya moja, lakini kiini chake ni hiki. Mtu wa kwanza, Ntatakwa, alishuka kutoka mbinguni, na makao ya utawala wa kwanza yakawa Milansi, jina ambalo hadi leo limebaki katika kata ya Milanzi ya Manispaa ya Sumbawanga. Baadaye Mwene wa Milansi alikwenda kuwinda, naye alikuwa amemwonya mkewe kwamba wageni wakija asikubali kukitoa kigoda cha enzi. Wageni wakaja, wanawake wa ukoo wa Twa. Mke akatishika, akawapa kigoda. Mwene aliporudi akawakuta wamekwisha kukaa. Hakukuwa na vita vya kuwang'oa, bali mamlaka yaligawanyika. Utawala wa nchi ukawa wa Twa, na heshima ya ardhi na matambiko yake ikabaki Milansi.

Simulizi hii, bila ya kulazimishwa, inaeleza vizuri hali ya riwaya inapotiwa sauti. Mwandishi yuko mbali, pengine amekwisha kufariki. Kigoda kiko wazi, na mgeni anakuja kukikalia. Mgeni huyo anapata mamlaka makubwa mno, kwani ndiye anayetawala muda: anaamua neno lidumu kiasi gani, wapi pawe kimya, wapi kasi iongezeke. Msikilizaji hawezi kulipitisha jicho juu ya aya asiyoipenda kama afanyavyo msomaji, ila hufuata aendako msimulizi. Lakini ardhi yenyewe, yaani maana ya maneno na siri zake, haikuhamishwa pamoja na kigoda. Msimulizi bora ni yule aliyeridhika na mgao huo. Msimulizi mbaya si lazima awe na sauti mbaya. Pengine sauti yake ni tamu kuliko zote, lakini anataka na Milansi iwe yake.

Mpaka huo unaonekana vizuri zaidi katika mambo ambayo maandishi ya Kiswahili huyaficha na sauti hulazimika kuyafichua. La kwanza ni swali. Katika Kiswahili sentensi ya taarifa na ya swali zinaweza kuwa sawa neno kwa neno: "Baba amerudi" ni habari, na "Baba amerudi?" ni swali, na tofauti iko katika kiimbo peke yake. Alama inayomwongoza msomaji iko mwishoni, lakini kiimbo lazima kianze kuandaliwa kabla ya hapo. Msimulizi asiyeupitia ukurasa kabla ya kurekodi hujikuta amelitamka swali zima kama taarifa, kisha akalipandisha neno la mwisho kwa ghafla. Msikilizaji hujua papo hapo kwamba mtu huyu anakutana na kitabu kwa mara ya kwanza.

La pili ni mkazo. "Amesimama barabara" ni kusimama sawasawa iwapo mkazo uko kwenye silabi ya pili. Ukihamia silabi ya tatu, mtu huyo yuko njiani. La tatu linawahusu zaidi watu wa visiwani na wa mwambao. Paa wa mwituni na paa la nyumba, kaa wa baharini na kaa la moto, huandikwa sawa, lakini mzaliwa wa Unguja au Mombasa huwatofautisha kwa pumzi: mnyama hutoka na mpumuo, la nyumba na la moto hutoka bila ya mpumuo. Msimulizi wa bara kwa kawaida hatofautishi, na msikilizaji wa Sumbawanga hakosi kitu, kwa sababu muktadha unamtosha. Hapa panahitajika uadilifu katika kuhakiki. Mkazo uliokosewa wa neno "barabara" hubadilisha maana, na hiyo ni kasoro. Mpumuo uliokosekana haubadilishi chochote isipokuwa starehe ya sikio lililouzoea. Wanaoziweka kasoro hizi mbili katika kapu moja wanautumia ufasaha kama lango la kuwazuia watu wasipite.

La nne ndilo zito kuliko yote, nalo halijazungumzwa vya kutosha. Kitenzi cha Kiswahili hakitaji jinsia. "Akafungua mlango, akaingia, akaketi bila ya kusema neno" ni sentensi isiyotuambia kama aliyeingia ni mwanamume au mwanamke, na mwandishi hodari anaweza kuidumisha siri hiyo kwa kurasa nyingi. Ni neema ambayo waandishi wa Kiingereza wanaitamani bila ya kuipata. Kisha anakuja msimulizi aliyezoea kuibana sauti yake iwe nyembamba kila anaposema mwanamke. Mtu yule asiyejulikana anapofungua kinywa tu, siri imekwisha. Mwandishi aliificha kwa sura nzima, na msimulizi ameifichua kwa silabi moja.

Hadithi za upelelezi ndizo zinazoumia zaidi. Muhammed Said Abdulla, aliyeandika "Mzimu wa Watu wa Kale", riwaya iliyochapishwa mwaka 1960, alimjenga Bwana Msa wake juu ya mazungumzo, na katika mazungumzo hayo msomaji hana budi kuamua mwenyewe nani mkweli na nani anazungusha maneno. Msimulizi anayempa mwongo sauti ya uongo amemnyang'anya Bwana Msa kazi yake. Jambo hili lilijulikana tangu mwanzo wa fani yenyewe. Vitabu vya sauti vilipoanza kutolewa kwa ajili ya vipofu nchini Uingereza mwaka 1935, miongoni mwa vya kwanza ilikuwemo riwaya ya Agatha Christie, "The Murder of Roger Ackroyd", ambayo nafsi inayosimulia ndani yake ina siri yake yenyewe, na siri hiyo haifichuki hadi mwisho. Aliyekisoma kitabu kile ilimbidi aijue siri tangu ukurasa wa kwanza na bado asiionyeshe kwa sauti. Hicho ndicho kipimo cha fani: kujua kila kitu na kutoa kile tu ambacho mwandishi amekitoa.

Kutoka kwenye sauti ni hatua fupi kufika kwenye muziki. Simulizi nyingi za Kiswahili zinazozunguka kwenye simu hazikosi kinanda, radi, mbwa wanaobweka na mwangwi. Watetezi wake husema kwamba hadithi ya Kiafrika haijapata kutengana na wimbo. Hoja hiyo ina ukweli nusu. Katika ngano, wimbo ni sehemu ya kisa: ndege huimba siri ya muuaji, mtoto huimba ili mlango ufunguliwe, na waliokaa huitikia. Ukiutoa wimbo kisa huvunjika. Kinanda kinachomiminwa juu ya riwaya hakina kazi hiyo. Kazi yake ni kumwamuru msikilizaji ahuzunike hapa na aogope pale, kana kwamba maneno hayakuaminika. Tena kina madhara ya kawaida kabisa: penye kelele za basi au upepo wa Ufipa, kinanda ndicho kinachosikika na neno ndilo linalopotea.

Hoja nzito zaidi dhidi ya msimamo huu inatoka Ufipa kwenyewe. Mwaka 1978 Willis alichapisha Oxford kitabu kuhusu sanaa ya maneno ya Wafipa, "There Was a Certain Man". Mtambaji wa ngano, Ufipa kama kwengineko, hakufungwa na maandishi. Alirefusha, alifupisha, aliongeza dhihaka juu ya jirani aliyekuwapo, alibadilisha mwisho akiona watoto wanasinzia. Hakuna aliyemshitaki kwa kukikalia kigoda cha mtu. Kwa nini basi msimulizi wa simu afungwe? Je, huku si kuutukuza ukurasa wa Kizungu na kuudharau mdomo wa Kiafrika?

Jawabu liko katika yule aliyekaa mbele ya mtambaji. Mtambaji akisema "Paukwa" hangojei kimya, bali hungojea "Pakawa", na isipokuja hana ruhusa ya kuendelea. Akipotosha, mzee aliye pembeni atamrekebisha. Akichosha, watu watainuka. Uhuru wake ulikuwa mkubwa kwa sababu walinzi wake walikuwepo. Msimulizi aliyerekodiwa hana mlinzi hata mmoja. Msikilizaji akicheka, akipinga au akiuliza, sauti inaendelea kana kwamba hakusema kitu. Uhuru bila ya waitikiaji si urithi wa ngano. Maadamu waitikiaji hawapo, kinachobaki kumlinda msikilizaji ni maandishi yenyewe, yaani kuwa na hakika kwamba anachosikia ndicho kilichoandikwa. Anayetaka uhuru wa mtambaji na atunge kisa chake, aweke jina lake, na wasikilizaji watamshukuru. Lakini akitangaza kwamba anasoma riwaya ya mtu, na aisome.

Yote haya yangeweza kuonekana kuwa ni mambo ya ladha tu, lau si jina la Sumbawanga lenyewe. Wenyeji wengi hulieleza jina hilo kuwa ni amri ya kuutupa uchawi, yaani mgeni anayeingia auache nje alichokuja nacho. Nchi nzima imelipindua. Katika utani, katika filamu na katika hadithi za kutisha, Sumbawanga imegeuzwa kuwa kifupisho cha uchawi, mahali ambapo mhusika huenda kutafuta dawa ya kuua au radi ya kumpiga adui. Mwandishi anaweza kulitaja jina hilo katika sentensi ya kawaida kabisa: fulani alipanda basi kwenda Sumbawanga. Kwenye karatasi, sentensi hiyo inaruhusu kila kitu. Huenda fulani anakwenda kununua mahindi. Lakini msimulizi akifika kwenye jina hilo akaishusha sauti, akaburuza silabi na kutia mwangwi, ameihukumu wilaya nzima bila ya mwandishi kusema lolote. Na sentensi hiyo inamfikia mtu aliyekaa Sumbawanga, anayepukuchua mahindi huku simu iko mfukoni, akisikia mji wake umefanywa mlio wa kutishia watoto.

Lafudhi nazo zinafuata njia hiyo hiyo. Msimulizi anayesoma maneno ya daktari na ya mwanasheria kwa Kiswahili cha kawaida, kisha akampa mlinzi au mfanyakazi wa ndani matamshi ya bara yaliyotiwa chumvi, hajafuata maandishi. Mara nyingi mwandishi amewapa wote Kiswahili kimoja sanifu. Kicheko kinachopatikana ni chake yeye msimulizi, na anayelipia ni msikilizaji ambaye hivyo ndivyo anavyozungumza na mama yake. Pale ambapo mwandishi mwenyewe ametofautisha lugha za wahusika, ni kazi ya msimulizi kumfuata. Adam Shafi, katika "Vuta N'kuvute" ya mwaka 1999, amewakutanisha Yasmin wa jamii ya Kihindi, Mwajuma wa mitaa ya Unguja na Denge mpigania uhuru, na kila mmoja ana mahali pake katika lugha. Lakini kufuata kunahitaji mkono mwepesi. Dalili moja au mbili zinatosha kumkumbusha msikilizaji nani anasema, na zaidi ya hapo Yasmin atageuka kikaragosi.

Mtihani mgumu kuliko yote ungekuwa riwaya ya "Peponi". Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja aliyepata Tuzo ya Nobeli ya Fasihi mwaka 2021, aliiandika kwa Kiingereza mwaka 1994, na tafsiri ya Kiswahili ya Ida Hadjivayanis ilitolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Ndani yake kijana Yusuf anafuatana na msafara wa biashara kutoka pwani kwenda ndani ya bara, na wahusika wa pwani wanawazungumzia watu wa bara kwa hofu na kwa dharau. Misafara ya namna hiyo iligusa Ufipa katika karne ya 19; msikilizaji wa Sumbawanga ni mjukuu wa waliokuwa wakizungumziwa. Msimulizi ataitamka vipi dharau ile? Akiitamka kwa raha, kana kwamba anaafikiana nayo, amemtukana msikilizaji wake. Akiitamka kwa aibu, kama anayeomba radhi, ameiharibu riwaya, kwa sababu wahusika wale hawana aibu, na kutokuwa na aibu kwao ndiko mwandishi anakokuonyesha. Njia ni moja: kumwachia mhusika maneno yake kwa ukamilifu, kisha kuisoma sentensi inayofuata, ile ya nafsi inayosimulia, kwa sauti ile ile tulivu iliyotangulia. Hapo msikilizaji ataupima mwenyewe umbali uliopo baina ya mhusika na kitabu. Masomo ya namna hii hayahitaji sauti nene wala tamu, yanahitaji mtu aliyekifahamu kitabu.

Upo pia upande wa pili wa safari hiyo, nao ni vitabu vinavyotoka bara vyenyewe. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza kuiandika hadithi ya Myombekere na Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945, akaigeuza mwenyewe kwa Kiswahili, na Kiswahili hicho kikachapishwa mwaka 1980, mwaka mmoja kabla ya kifo chake. Wasomaji wa haraka hulalamika kuwa kitabu hicho ni kirefu, kimejaa salamu, maagano na maelezo ya namna ya kupika na kulima. Kwa sikio malalamiko hayo hupungua sana. Salamu ndefu zinazochosha macho huwa ni mwendo wa asili zinaposemwa, na mtu anayelima anaposikiliza maelezo ya kulima haoni kuwa hadithi imesimama. Kitabu hicho kingefaa sana kutiwa sauti, na kingefaa kutiwa na sauti ya Kanda ya Ziwa bila ya kuifuta lafudhi yake. Sababu ni ile ile inayofanya Bwana Msa amfae msimulizi wa Unguja. Lafudhi ya msimulizi ikitoka mahali kitabu kilipotoka, inakuwa sehemu ya kitabu na hakuna wa kuicheka. Zile ngano za Ufipa alizoziandikia Willis nazo zina haki hiyo. Zilitoka midomoni mwa watu zikaingia kwenye kitabu cha Kiingereza, na msikilizaji wa Sumbawanga aliyezaliwa juzi ana njia fupi zaidi ya kuzisikia hadithi za Marekani kuliko zile za babu zake.

Kuna wasikilizaji ambao kwao haya si suala la nafasi wala la starehe. Kipofu hana kitabu kingine cha kurejea ili ahakikishe kama msimulizi ameruka aya. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 2020, umelegeza masharti ya hakimiliki ili vitabu viweze kutolewa kwa namna wanayoweza kuitumia watu wasioona. Mlango umefunguliwa kisheria. Kilichobaki ni kuhakikisha kwamba kinachopitishwa mlangoni ni kitabu kizima, na si muhtasari wenye radi na mwangwi.

Wachapishaji wanaweza kuanza na jambo dogo lisilo na gharama: kila sehemu ya kila riwaya ifunguliwe kwa kutaja jina la kitabu, la mwandishi na la msimulizi, ili hata ikirushwa mara mia kutoka simu hadi simu majina hayo yasidondoke. Wahakiki nao waanze kumtaja msimulizi kama wanavyomtaja mfasiri, kwa sifa na kwa lawama, na wasitosheke kusema kwamba sauti ni nzuri. Na majaribio ya sauti yasifanywe Dar es Salaam na Unguja peke yake, bali yafike Sumbawanga, Mpanda, Bukoba na Musoma, mbele ya watu watakaosikiliza sura moja wakiwa kazini kisha waulizwe walipopotea ni wapi. Msikilizaji akipewa majina hayo na nafasi hiyo, ataweza kutoa hukumu mbili badala ya moja, kwamba kitabu ni kizuri na msimulizi hakukitendea haki, au kwamba kitabu ni dhaifu na msimulizi amekibeba. Hukumu hiyo ya pili ndiyo inayokosekana leo katika uhakiki wetu wa riwaya za kusikiliza.